Kolonel wa Ndani ya Telefone ya Bahati

Meza yangu ya kutengeneza telefone pale Birere, Goma, iko kwa Klementine, jirani yangu, sasa. Macho yamekataa. Kadi za telefone za siku hizi ni ndogo kama kucha ya mutoto, na mimi nilikuwa nimefika mahali pa kutafuta kadi mezani huku nimeishika mukononi. Ninyi vijana wa meza zile mulicheka, na mulikuwa na haki. Lakini mulipokuja kwangu Keshero kuniaga mukaniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tunafanya kazi. Hapo mulijitakia wenyewe, maana mulimuomba mutu asiyejua kufupisha. Basi kaeni.

Nilipata nini, sitaandika. Nilipanda vyeo gani, pia sitaandika, maana kwa meza hakuna kupanda. Kuna kutoka juani na kuingia chini ya bati, basi. Nilipoingia chini ya bati nilimushukuru Mungu, na mvua ya kwanza ilinionyesha kwamba bati lenyewe lilikuwa na matundu.

Niliingia kazi hii kupitia Papa Anselme, fundi wa redio. Mimi nilikuwa nimetoka upande wa Bukavu, nimeolewa Goma, ninauza inite, pesa za kupigia simu, chini ya mwavuli karibu na meza yake. Papa Anselme alikuwa mutu wa maneno machache na makohozi mengi. Redio alizijua hata kwa harufu; ilikuwa inatosha afungue kifuniko anuse, akuambie kitu gani kimeungua. Telefone zilipoanza kuja zile za kioo kikubwa, zisizo na vitufe, alizikataa kabisa. Alisema hicho si chombo, ni dirisha, na yeye hatengenezi madirisha. Lakini watu hawakuacha kuzileta. Siku moja akaniita kutoka kwenye mwavuli: «Mama Solange, kuja unisomee hii karatasi. Imeandikwa kifaransa cha kutisha watu.»

Nikasoma. Akanisikiliza mupaka mwisho, halafu akaniambia ninawe mikono. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Telefone ilikuwa ya mama mumoja muuza vitenge, bado iko kwenye boksi, na mimi kwa haraka ya kuonyesha kwamba ninajua nikanyoosha kidole kubonyeza. Papa Anselme akapiga meza kwa bisibisi, karibu anitoboe. «Kidole ni cha mwenye telefone!» akasema. «Wewe onyesha. Yeye abonyeze. Na akifika kwenye kode ya siri, wewe geuka uangalie barabara.»

Nilikasirika, sifichi. Mama wa vitenge alichukua muda murefu sana kuandika jina lake, na mimi nilikuwa nimeangalia barabara ile mupaka nimeijua. Lakini sheria ile nilikaa nayo maisha yangu yote. Mutu uliyemubonyezea anaondoka na telefone yako. Mutu aliyebonyeza mwenyewe anaondoka na telefone yake, na akipotea njia anajua alipogeuka.

Kazi yenyewe tuliiita kubatiza. Telefone mupya ikitoka kwenye boksi haina jina, haina lugha, haijui ni saa ngapi. Padri mumoja aliposikia neno letu alikunja uso, halafu wiki iliyofuata akaleta ya kwake. Munajua namna ya kubatiza, lakini nitasema tena, maana nimeona wengine wenu munaruka. Kwanza batri ijae. Telefone ikizimika katikati ya kazi, client anafikiri umeiua. Halafu sindano ya kufungua mahali pa kadi, kadi iingie kwa upande wake, musiilazimishe. Halafu lugha, na tarehe. Halafu kode, na isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiwe moja-mbili-tatu-nne, isiwe kode ya kanisa zima. Halafu munabonyeza nyota, diyezi, sifuri sita, diyezi, na ile namba ndefu inayotokea, ya kuitambua telefone ikiibiwa, client aiandike mahali pa nyumbani, si nyuma ya telefone yenyewe. Kuna baba mumoja aliyeiandika nyuma ya telefone kwa kalamu ya feutre, vizuri kabisa, ili mwizi asipate taabu.

Na kompte. Hapa nitapandisha sauti kidogo. Kompte ndiyo inayoshika majina na picha za mutu, hata telefone ikianguka ziwani. Watu wetu wengi hawana, na kufungua kunachukua muda na mega za intaneti. Kwa hiyo meza fulani, sitaitaja na yenyewe inajijua, ilifungua kompte moja ikaiweka kwenye telefone zote zilizopita pale. Kompte ya meza! Baada ya muda picha zikaanza kutembea. Shemasi mumoja akafungua telefone yake kwenye mukutano wa parokia akakuta wasichana wa harusi ya watu asiowajua wanacheza. Muchungaji wa ng'ombe wa Masisi akapata majina ya wateja wa saluni. Tulicheka mupaka machozi, halafu tukaacha kucheka, kwa sababu wakati wa bariere ulifika.

Wakati ule munaukumbuka, sina haja ya kuupamba. Barabara zilikuwa na kamba, na kwenye kamba kulikuwa na watu wenye bunduki. Sitasema walikuwa wa upande gani. Munajua kwa nini sisemi. Walianza kwa kuuliza karatasi, halafu wakajua kwamba karatasi inasema kidogo kuliko telefone. «Fungua,» walikuwa wanasema, na mutu anafungua. Wanaangalia picha, wanaangalia ujumbe, wanasoma majina moja moja kwa kidole. Mutu alikuwa anaweza kushikwa kwa picha iliyotumwa na binamu asiye na akili. Kuanzia hapo kazi yetu ilibadilika. Kabla ya kusafiri, watu walikuwa wanapita kwa meza kama wanavyopita kwa kinyozi, tunapitia telefone pamoja, wao wanabonyeza, mimi nasema: hii unaijua ni nini? Hii ya nani? Toa. Toa na hii. Nilichoka kwa kazi ile kuliko kazi yoyote, kwa sababu ukisahau kitu kimoja, atakayelipa si wewe.

Ndipo akaja Bahati.

Bahati alikuwa muuza fromaji, jibini la kule milimani. Mutoto wa milima ya Masisi, mukubwa kama mulango, na kicheko kinachosikika mupaka ng'ambo ya barabara. Alikuwa ananunua fromaji zinazoshuka kutoka Masisi, anapanda nazo kwenye lori za viazi na kuzipeleka kwa barabara ya Rutshuru, Kibumba mupaka Rumangabo. Dada yake aliye mbali alikuwa amemutumia telefone mupya. Aliiweka juu ya meza yangu kwa mikono miwili, anaogopa hata kuipumulia. «Mama Solange, nibatizie,» akasema. «Lakini polepole, huyu ni mutoto wa kwanza.»

Majina yake yalikuwa kwenye telefone yake ya zamani, ile ndogo ya vitufe, na yalikuwa kwenye tumbo la telefone yenyewe, si kwenye kadi. Kuyahamisha kulikuwa ni kusoma na kuandika, moja baada ya lingine. Mimi nasoma, Bahati anaandika kwa kidole chake kinene kinachobonyeza herufi mbili pamoja. Nikasoma Mama, nikamwambia aongeze jina. Nikasoma Fromaji Mushaki. Nikasoma Shofa Mubaya. Nikafika kwenye jina lingine.

«Bahati. Kolonel ni nani?»

Akacheka. Akaniambia ni mwalimu wa korali yao, korali ya parokia ya kule Keshero. Muzee mumoja mukali ajabu. Ukichelewa repetisyo, mazoezi yao, unasimama nje, ukikosea noti unarudia peke yako mbele ya wanawake. Kwa hiyo wanamuita Kolonel, na yeye mwenyewe anapenda, anapigiwa saluti mupaka sokoni.

«Badilisha,» nikamwambia.

«Ee, Mama! Kila mutu anamuita hivyo.»

«Kila mutu hapandi lori kwenda Rumangabo. Wenye bunduki wakisoma Kolonel, watauliza ni kolonel wa wapi. Utawaambia nini?»

«Nitawaambia ni kolonel wa besi na tenori!» Akacheka tena, na Klementine, jirani yangu wa meza anayebadilisha vioo, akacheka pia. Kicheko cha Bahati kilikuwa na tabia hiyo, kinachukua watu bila ruhusa.

Kulikuwa na desturi kwamba telefone ikishabatizwa, mwenyewe anapiga simu ya kwanza palepale, tusikie kama sauti inatoka. Bahati akachagua nani? Akampigia huyo huyo Kolonel, akaweka sauti ya nje ili tusikie sote. Ikaita, ikashikwa, na sauti ya muzee ikanguruma: «Kikosi kiko tayari?»

«Tayari, mon Kolonel!» Bahati akajibu kwa kupiga kelele, na nusu ya Birere ikageuka.

Mimi sikucheka. Nilimurudilia: badilisha jina hilo, na umwambie muzee aache kujibu namna ile. Akasema sawa, Mama, nitafanya nyumbani. Telefone ilikuwa mbele yangu, iko wazi, herufi saba tu za kufuta. Lakini kidole ni cha mwenye telefone. Akaondoka, akaniachia ile ya vitufe nimubadilishie maikro, kwa sababu alitaka kumupa mama yake.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja akanipigia kutoka njiani kuuliza namna ya kuzima mega ili zisiliwe bure. Nikamweleza. Nyuma yake nilisikia injini ya lori. Nikamuuliza kama amebadilisha lile jina, lakini mutandao ulikuwa unakatika, sikusikia jibu lake.

Jua lilipokuwa kali, telefone yangu ikaita tena, jina la Bahati. Nikajibu nikiwa na sindano mudomoni.

«Wewe ndiye Mama Telefone?»

Haikuwa sauti yake. Nilitoa sindano mudomoni. Hivyo ndivyo Bahati alivyoniandika. Nikasema ndiyo, ni mimi, na nani mwenzangu?

«Jibu tu. Mwenye telefone hii unamujua?»

«Namujua. Anaitwa Bahati, anauza fromaji.»

«Kolonel ni nani?»

Nilikaa kwenye kiti bila kujua kama kiti kiko pale. Nyuma ya ile sauti nilisikia watu wengine, na upepo, na mutu anayepumua karibu sana na telefone. Nilijua ni Bahati. Na wazo langu lilikuwa moja tu: yeye amewaambia nini? Kama kwa woga amesema Kolonel ni kinyozi, au mujomba, au hamujui, basi ukweli wangu utamuua. Na ukweli wenyewe ulisikika kama uongo wa mutu mulevi. Mwalimu wa kuimba! Nani anamwamini mutu anayesema hivyo? Lakini Bahati hajui kudanganya, uso wake wote unamushitaki. Nikasema lile lililo kweli.

«Ni mwalimu wa korali yao, Baba. Ni jina la kutaniana. Juu ya ukali wake.»

Halafu yule mutu akasema, si kwangu: «Wamepatana vizuri hawa.» Na kwangu akasema: «Usikate. Ukikata nitajua. Tutamupigia huyo Kolonel kwa telefone yangu, tumusikie mwenyewe.»

Nilikumbuka ile sauti inavyonguruma. Kikosi kiko tayari? Muzee ataona namba asiyoijua, atafikiri ni muimbaji wake mupya, na atasema neno lile lile, kwa sauti ile ile, katika sikio la mutu mwenye bunduki. Na Bahati amepigishwa magoti pale mbele ya fromaji zake.

Telefone yangu ilikuwa sikioni, siwezi kukata. Ile ya vitufe ilikuwa kwenye rafu, maikro mupya lakini haina batri, nilikuwa nimeitoa. Nikaivuta kwa mukono mumoja, nikachomoa batri ya telefone nyingine, nikaishindilia kwa kidole gumba. Ikawaka. Munajua zile telefone zinavyowaka, na muziki wake wa kukaribisha, na mikono miwili inayokutana kwenye kioo. Sijawahi kuchukia muziki kama ule. Nikaufunika kwa tumbo. Upande wa pili nilikuwa nasikia yule mutu anasoma namba kwa sauti, anaziandika moja moja kwenye telefone yake, anakosea, anaanza upya. Mungu ambariki kwa kukosea.

Nikamufinya Klementine begani. Aligeuka anitukane, akaona uso wangu, akasogea. Nikamwonyesha jina kwenye kioo kidogo, Kolonel, na kwa feutre nikaandika juu ya boksi: BARIERE. BAHATI. ASIJIBU KIKOSI. Klementine alisoma. Akachukua telefone yake, akaandika numero, akakimbilia nyuma ya mwavuli.

«Mama,» ile sauti ikaniita, «uko na nani hapo?»

«Niko kazini, Baba. Watu wanapita.»

«Kolonel wako anaongea na mutu mwingine. Line iko okipe. Anaongea na nani?»

Nikasema sijui. Nilisema kwa sauti ya mutu ambaye hajui.

Klementine akarudi. Hakuwa na haja ya kusema, machozi yalikuwa yanamushuka. Alikuja karibu na sikio langu lingine akaninong'oneza. Muzee alikuwa ameshika simu akanguruma kama kawaida yake, na Klementine akamwambia: Papa, usijibu hivyo, Bahati ameshikwa kwa bariere, watakupigia, usiseme ki... na hapo inite zikaisha. Klementine! Mutu anayekaa katikati ya wauza inite wa Birere nzima! Nilitaka kumupiga na nilitaka kumukumbatia, na sikuweza kufanya hata moja. Alikimbia kununua, lakini tayari nilikuwa nasikia telefone ya yule mutu inaita. Alikuwa ameweka sauti ya nje. Iliita muda murefu.

Ikashikwa.

Nilikuwa nasikia upepo wa Kibumba tu. Halafu sauti ya muzee, ya chini kabisa, ambayo sikuwahi kuisikia: «Allo. Ni nani, tafadhali?»

Nikafunga macho.

«Wewe ni Kolonel?» yule mutu akauliza.

«Kwenye korali wananiita hivyo. Mimi ni mwalimu wa kuimba. Sijawahi kushika hata bunduki ya mbao.»

«Kila mutu anaweza kusema hivyo. Na ulikuwa unaongea na nani sasa hivi?»

«Na mwanamuke mumoja ambaye inite zake zimeisha,» muzee akasema. Alisema ukweli mutupu.

Mutu mwingine kule nyuma akasema kitu kwa lugha nyingine, wengine wakacheka, na si kicheko kizuri. Yule wa telefone akasema: «Sawa. Mwalimu wa kuimba. Mutu wako yuko hapa chini. Mwimbishe.»

«Nini?»

«Nimesema mwimbishe. Tusikie kama anajua.»

Nilisikia telefone ikishushwa. Pumzi ya Bahati ikawa karibu. Muzee akamwita jina, Bahati, na Bahati akajibu naam kwa sauti ya mutoto mudogo. Muzee akamwambia ule wa sadaka, wimbo alioutunga yeye mwenyewe, akampa noti kwa mudomo, mmm. Bahati akaanza. Ee, jamani. Haikuwa kuimba. Sauti ilikuwa inakatika, inapanda pasipo na mahali, inaanguka. Wale watu wakaanza kucheka tena. Mimi nilikuwa nimeuma kitenge changu.

«Simama!» Muzee akanguruma. Alikuwa amerudi ule ule wa siku ya ubatizo. «Bahati! Hiyo ni besi au ni mbuzi anayechinjwa? Besi haianzii hapo! Umeifanya mwezi muzima na bado unaniletea takataka hizo? Pumua kwa tumbo. Rudia!»

Bahati akapumua. Nilimusikia akipumua. Akarudia, na sijui niseme nini, sauti yake ikashuka ikakaa mahali pake, nene, kama vile alikuwa amesimama kanisani mbele ya yule muzee na jambo la kuogopa lilikuwa ni yule muzee peke yake. Kule nyuma kicheko kikaendelea kidogo.

«Na hao wanaocheka nyuma,» muzee akasema, «wanyamaze! Tuko kwenye repetisyo!»

Hapo nilijua wamekufa wote wawili. Kicheko kikakatika. Bahati alikuwa bado anaimba, kwa sababu hakuambiwa aache. Aliimba mupaka mwisho wa mustari.

Yule mutu akasema polepole: «Huyu muzee ni kolonel kweli.» Na line yangu ikakatika.

Nilikaa. Klementine alirudi na inite zake, tukampigia Bahati, telefone imezimwa. Tukampigia muzee kwa ile ya vitufe, haikuwa na kadi ndani, tulikuwa tumechanganyikiwa kiasi hicho, halafu Klementine akampigia kwa ya kwake, akamutajia jina lake na meza yetu. Wateja walikuja nikawafukuza. Mama mumoja alileta telefone iliyoanguka kwenye sufuria ya sombe, nikamwambia aipeleke kwa mupishi. Sikuwa mutu siku ile. Niliomba rozari mezani mbele ya watu wote, mimi ninayesema siku zote kwamba sala ina mahali pake.

Aliyefika kwanza ni muzee. Alikuja kwa moto, pikipiki ya kukodi, kutoka Keshero, na kaptura ya nyumbani, na kandambili za rangi tofauti. Muzee mufupi, mwembamba. Nilitarajia mutu mukubwa. Alisimama mbele ya meza akasema: «Klementine ni nani?» Klementine akasimama. Muzee akamushika mikono miwili.

Jua lilikuwa limegeuka wakati lori la mashu, kabichi za Kibumba, liliposimama barabarani, na Bahati akashuka juu ya mashu. Fromaji hapana. Koti hapana. Telefone ilikuwa mukononi, kioo kimepasuka kona moja. Alivuka barabara bila kuangalia, moto ikamukwepa, shofa wake akamutukana. Alipomuona muzee akasimama, mikono imenyooka pembeni.

«Noti ya tatu,» muzee akamwambia. «Noti ya tatu ulikuwa chini. Nimekuambia mara ngapi...» Alimuvuta yule mutu mukubwa kwa shingo, ikabidi Bahati apinde magoti ili afikiwe, na wakalia pale Birere katikati ya watu na makelele. Na mimi nililia. Nililia kwa hasira zaidi, nilimuambia Bahati maneno ambayo sitaandika hapa, kwamba herufi saba, herufi saba tu zilimushinda, na alikubali kila neno.

Alipotulia akaweka telefone mbele yangu. «Mama, toa hilo jina. Toa wewe. Vidole vyangu vinatetemeka.»

«Utatoa mwenyewe,» nikasema. Lakini nilimushika kifundo cha mukono kisitikisike. Akafungua, akalitafuta, akafuta herufi moja moja kutoka nyuma mupaka mahali pakawa peupe. Halafu akabaki anaangalia ule weupe. Akainua macho.

«Mwalimu,» akasema, na haya imemujaa, «jina lako ni nani?»

Miaka yote ile kwenye korali yake. Muzee hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama mutu ambaye hajaulizwa siku nyingi. «Paskali,» akasema. «Ninaitwa Paskali.»

Bahati akaandika P. Akaandika a. Kidole kikasimama juu ya kioo kilichopasuka, kikakaa pale. Baba yake Bahati alibaki Masisi, kwenye kaburi ambalo hajaliona, aliniambia hilo baadaye. Kidole kikashuka tena. Akaandika p. Akaandika a. Akaacha hapo, akabonyeza hifadhi, akanisogezea telefone niangalie kama ameandika vizuri.

Sasa, ninyi wote nimewafundisha, na Klementine ni shahidi: jina la Papa peke yake, au Mama peke yake, lisiandikwe kwenye telefone ya mutu yeyote. Mwizi akiishika ndiyo numero ya kwanza atakayopiga, atasema mutoto wako ana ajali, tuma haraka, na muzee wa watu atauza hata mulango. Hiyo ni sheria, na ni sheria nzuri, muishike.

Niliangalia kioo. Nikamwambia iko vizuri.